Wazee wanampendelea mdogo wangu waziwazi, nifanyeje?

BintiWete:
Asalaam alaykum. Mie kwetu Wete, Pemba, ila nafundisha skuli huku Unguja. Tumezaliwa wawili tu, mie na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27 na hajawahi kununua hata kilo ya mchele pale nyumbani. Dawa za presha za mama mie, bati za jiko mie. Nikipiga simu naulizwa umetuma ngapi, akipiga yeye anaulizwa keshakula.

Msimu huu wa karafuu nikachukua likizo nikapanda boti kwenda kusaidia, tukawa tunachambua hadi saa nne usiku, mikono inanuka karafuu mpaka chai unaisikia, yeye kalala. Siku ya pili tumeanika majamvini mvua hiyo, nikakimbia mie na mama na mtoto wa jirani kuzoa, mwenyewe yuko barazani na simu yake. Mchana kapikwa kuku, paja limefunikwa sahani, "la mwanangu hilo akirudi mpirani". Nna miaka 34 na nlilia chooni kwa ajili ya paja la kuku, nichekeni tu.

Sasa baba anasema mikarafuu yote anamuandikia yeye, ati mie ntaolewa. Mama nae "wewe Mungu kakujaalia, mwenzio hana". Karafuu zake, mie makonyo, vile vikonyo vinavyobaki tukishachambua. Niache kutuma?

PwezaMkavu:
Acha miezi miwili uone nani atampigia nani 😂 na kuku siku nyengine mkate wewe, mwenye kisu hafunikiwi sahani

MaalimFuoni:
Pweza usimpoteze mwenzio. Dada, dawa za mama usikate, hizo ni zako na Mola wako. Ila la mikarafuu usilinyamazie. Kuna hadithi ya Nu'man bin Bashir, imo kwa Bukhari na Muslim, babake alimpa zawadi akenda kwa Mtume (SAW) awe shahidi, akaulizwa watoto wako wote umewapa mfano wa hii? Akasema la. Akaambiwa mcheni Mungu na mfanye uadilifu baina ya watoto wenu, akarudi akaichukua zawadi yake. Na kama mzee anakusudia wasia, mrithi hausiiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Akitaka hiba, yaani kumpa zawadi akiwa hai, basi akabidhi kweli, si karatasi ibaki sandukuni na yeye ndo anachuma. Lakini usende kumwambia wewe, utaonekana una tamaa. Mtume ami yako au maalim anayemsikiliza, wakae faragha baada ya Alasiri.

KitindaMimba:
Mie ndo huyo mdogo wenu mnaemsema, kwetu mie nlinunuliwa vespa dada yangu anakwenda kazini kwa miguu na wallahi sikuwa naona kitu, mtu ukizaliwa ndani ya kivuli hujui kama nje kuna jua. Dada aliponambia nlikasirika mwezi mzima sikumsemesha. Mama alipofariki ndo nkajua sukari inauzwa bei gani, nna miaka 38 wakati huo! Hilo neno "mwenzio hana" na yeye analisikia kila siku, ni kama kuambiwa hutoweza. Zungumza nae yeye kwanza kabla ya wazee, lakini usianze na mikarafuu.

BintiWete:
Ahsanteni. Ami kakubali kwenda Ijumaa. Dawa nanunua mwenyewe natia kwenye boti, pesa ya mkononi nimepunguza na mama keshanuna, basi tena. Jana usiku nkampigia mdogo wangu nkamtolea yote, mvua, kuchambua, nlisahau kama nisianze na mikarafuu. Akanyamaza weee mpaka nkadhani chaji imekwisha. Mwisho ananambia "magunia nlibeba mie mpaka kituoni wewe ushapanda boti, hukuuliza". Na kweli sikuuliza. Halafu akasema, "na lile paja dada, mie nlikula na wenzangu uwanjani, alilila paka. Si ungesema."

PwezaMkavu:
Paka!! 😭