Nyumba ya Reading na kiwanja cha Bamburi: niwape watoto sasa, wasia, trasti au bima?

BintiPwani
Asalaam aleikum jamani, naomba tusaidiane maana hili laninyima usingizi. Mie niko Uingereza tangu 2001, nyumba ya Reading iko kwa jina langu peke yangu, mkopo nimemaliza mwaka jana na wameithamini pauni 480,000. Benki nina akiba kama 90,000 na kule Bamburi, Mombasa, nina kiwanja chenye nyumba ya kupangisha, tuseme 70,000. Watoto watatu, mume yupo, wazazi wangu washatangulia. Shoga yangu kafiwa na mamake juzi, wameambiwa kilichozidi kiwango chakatwa kodi ya mirathi asilimia 40 na pesa zatakiwa ndani ya miezi sita, nikashtuka. Nimeandika njia nne kwa karatasi: kuwaandikia watoto nyumba sasa hivi, wasia wa kiislamu, trasti (mali ishikwe na wadhamini kwa niaba ya watoto), ama bima ya maisha. Ipi haitawaumiza watoto?

KakaLeicester
Waaleikum salaam dada. Ya kwanza iondoe kabisa kama bado walala humo ndani. Ami yangu alimwandikia mwanawe nyumba 2012, karatasi zote sawa, akafariki 2022, sote tukajua ile miaka saba ya zawadi kutoka kwenye hesabu ya kodi ishapita zamani, kumbe haikuanza hata kuhesabiwa kwa sababu mzee aliendelea kulala chumba kile kile cha mbele na hakuwahi kulipa renti hata mwezi mmoja. Nyumba ikahesabiwa kama yake bado. Wakili aliyewaandikia hakuwafungulia mdomo kuhusu hilo na mwanawe ikabidi akope alipe. Ukitoa nyumba utoke, au umlipe mtoto renti ya bei ya soko kila mwezi na yeye aitangaze kama mapato yake.

mhasibu_wa_watu
Kaka kasema kweli. Na hiyo miaka saba watu wanaielewa vibaya, wanadhani ukifika mwaka wa nne kodi inaanza kushuka kwa kila zawadi, hapana, kule kushuka kunasaidia tu pale zawadi zenyewe zimepita pauni 325,000, kiwango kisichotozwa. Chini ya hapo zawadi inakula tu kile kiwango chako mpaka saba itimie.

Ila kabla hatujaenda kwa trasti nina swali moja dada, na usinielewe vibaya. Ndoa yenu mliisajili?

BintiPwani
Tulifunga nikah 2004 sebuleni kwa dadangu Leicester, shekhe alikuwepo, mashahidi wawili, mahari yakatolewa. Kwa msajili hatukwenda, nani alikuwa na habari ya msajili wakati ule. Kwani yahusiana vipi na nyumba?

mhasibu_wa_watu
Inahusiana kuliko hizo njia nne zote, ngoja nikuwekee hesabu.

Mali yako yote ni 640,000. Kila mtu ana 325,000 isiyotozwa, hiyo haijaongezwa tangu 2009, na nyumba unayoishi ikienda kwa watoto au wajukuu unaongezewa 175,000, jumla 500,000. Nikah iliyofungwa hapa Uingereza bila kusajiliwa, mbele ya sheria ya hapa mumeo si mume, ni mtu tu mnaishi naye. Kwa hiyo 640,000 toa 500,000 inabaki 140,000, asilimia 40 yake ni pauni 56,000.

Sasa chukulia mmesajili. Kinachoenda kwa mume hakitozwi. Wasia wa kiislamu unampa mume robo kwa kuwa una watoto, yaani 160,000, hiyo inatoka nje ya hesabu. Inabaki 480,000 kwa watoto, iko chini ya 500,000. Kodi hakuna. Fungu ni zilezile, hujamnyima mtu haki yake, tofauti ni cheti tu. Hii inaniuma sana kwa sababu naiona kila mwaka, wajane wa kwetu wanakuja na picha za nikah, wanaume wamevaa kanzu wamejaa sebule nzima, na picha haisaidii kitu.

UmmSalma
Subhanallah. Sisi tulifunga Mombasa kwa kadhi na cheti tunacho, je?

mhasibu_wa_watu
Nyinyi mko sawa dada, ndoa halali kule ilikofungwa hapa wanaitambua, kitunzeni hicho cheti na tafsiri yake. BintiPwani kwenu ni kwenda kwa msajili, mnatoa notisi ya kutaka kuoana, mnangoja siku 28. Na WASIA UANDIKWE BAADA YA HAPO, kwa sheria ya Uingereza ukifunga ndoa wasia wa zamani unakufa.

Coventry_254
Mimi niongezee upande wa Bamburi. Nilikuja 2013 na nilikuwa najiambia mali ya nyumbani haiwahusu watu wa kodi wa hapa, tangu tarehe 6 Aprili 2025 habari imebadilika, ukishakaa hapa miaka 10 kati ya 20 mali yako ya dunia nzima imo. Dada wewe na miaka yako ulikuwa umo hata kwa sheria ya zamani. Kenya yenyewe ilifuta kodi ya mirathi 1982, kwa hivyo hakuna ulicholipa kule cha kupunguzia huku, na mkataba wa kodi ya mirathi kati ya nchi hizi mbili hakuna.

Nilifikiria kumgawia mwanangu shamba nikiwa hai, nikapiga hesabu nikaacha. Kule kuna ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, halafu kodi ya faida ya mtaji ambayo tangu 2023 ni asilimia 15, na huku nao wanahesabu kama umeuza kwa bei ya soko hata kama hukupokea senti. Ikirithiwa, hiyo ya faida haikugusi kote kuwili. Kwangu mimi ardhi ya kule iache kwa wasia, ukitaka kugawa ukiwa hai gawa pesa taslimu.

UmmSalma
Hapo kwa pesa taslimu nizungumze. Pauni 3,000 kwa mwaka waweza kutoa bila kuhesabiwa, na mtoto akiolewa 5,000. Lakini kubwa ni pesa inayotoka kwa kipato chako cha kila mwezi, ikiwa ni mazoea na maisha yako hayapungui, hiyo haingojei miaka saba. Mamangu alikuwa na daftari jekundu la shule, safu ya tarehe, ya kiasi, ya nani kapewa, na mwisho ameandika kwa penseli "mshahara". Karo ya wajukuu, pesa ya nyanya Malindi, miaka tisa yote. Alipofariki nilikaa na lile daftari nikajaza fomu ya watu wa kodi mstari kwa mstari, wakakubali zote. Nalia hata nikiandika hapa.

KakaLeicester
Na trasti jamani?

mhasibu_wa_watu
Kwa mali hii sioni. Ukiingiza zaidi ya 325,000 unakatwa asilimia 20 mlangoni, kila miaka kumi mpaka asilimia 6, na nyumba ukiendelea kuishi humo uko palepale pa ami yako. Bima nayo haipunguzi kodi, inaleta pesa ya kuilipa, na lazima iwekwe kwa trasti yake la sivyo malipo yanaingia kwenye mali na kukatwa. Uhalali wake kidini muulizeni shekhe wenu. Mwenye pensheni binafsi ajue pia kuanzia Aprili 2027 salio lake litahesabiwa kwenye mirathi.

BintiPwani
Nimemsomea mume yote, akanyamaza kidogo kisha akauliza pasipoti yake iko wapi. Nimepiga simu, miadi ya notisi ni Jumatano saa nne. Allah awalipe. Wasia nikishauandika, mashahidi wanangu wawili wakubwa watatosha?

mhasibu_wa_watu
Hapana dada! Mrithi akishuhudia anapoteza fungu lake, na mke au mume wake vilevile. Chukua majirani wawili, wakae chumba kimoja na wewe wakuone ukitia sahihi.