Dansi ya kisasa isiyo na maneno: mnatazama nini hasa?

MamaWairimu_Umoja:
Hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa michezo ya kuigiza, hasa vichekesho vya kundi la Heartstrings la Nairobi. Juzi binti yangu alinipeleka kuona dansi ya kisasa. Wachezaji watatu, jukwaa tupu, hakuna aliyetamka neno. Mmoja alilala chini, mwenzake akawa anamzunguka polepole, nami machozi yakanitoka bila kujua namlilia nani. Nataka kurudi. Ninyi mliozoea, macho mnayaweka wapi?

FundiTaa:
Habari, mama. Kazi yangu ni kufunga taa za jukwaani, kwa hivyo nimeona mazoezi mengi kuliko maonyesho.

Tazama uzito. Mchezaji akianguka, anajizuia au anajiachilia? Anayemdaka anaupokea mwili huo kwa mikono tu, au kwa mgongo na magoti? Kisha sikiliza pumzi. Pasipo muziki, mara nyingi ndiyo inayowaambia waanze pamoja. Ndiyo maana nakuomba ukae mbele. Ukiwa nyuma utaona maumbo, lakini kishindo cha nyayo kwenye mbao hakitakufikia.

Na taa! Za dansi tunapenda kuziweka pembeni, kuanzia usawa wa miguu hadi mabega, ili zichonge misuli. Ukiona uso umebaki gizani, tumetaka usome mgongo.

Wapo wanaosema dansi hii ni ya kizungu. Sikubali hata kidogo. Mcheza dansi Opiyo Okach na wenzake walianzisha kundi la dansi la Gàara hapa hapa Nairobi miaka ya 1990. Na isukuti, ngoma ya Waluhya, ikipigwa matangani Kakamega, nani huuliza hadithi iko wapi? Mabega yanasema, watu wanaelewa.

Kevo_Ngara:
Naongeza moja: usiondoke mapema. Waandalizi wakikaribisha maswali baada ya onyesho, uliza. Mimi husoma karatasi ya maelezo mwishoni, si mwanzoni, nisije nikatafuta jukwaani kile nilichokwisha kuambiwa.

MamaWairimu_Umoja:
Asanteni sana, wanangu. Kwa hivyo yule aliyezunguka, si lazima nijue alikuwa nani wake?

FundiTaa:
Si lazima, mama. Lakini binti yako alikuwa kando yako. Muulize yeye aliona nani. Mkitofautiana, bishaneni hadi nyumbani Umoja.