Wastaafu wa Nyanda za Juu Kusini: bustani na kujifunza, tupeane uzoefu

Mwalimu mstaafu, Uyole (mleta mada)

Wakuu habari za asubuhi. Wakubwa zangu shikamooni, wa Iringa na Njombe kamwene.

Nilistaafu kwa lazima nilipofikisha miaka 60. Nawaona wenzetu wengi: kiinua mgongo kikiisha, kazi inabaki kukaa barazani kusubiri pensheni. Walioshika jembe wana afadhali, na wanaonawiri hasa ni wale ambao jembe limewarudisha darasani. Bustani ukiilima kwa mazoea tu utaichoka. Ukiilima kwa kutaka kujua, kila kukicha una jambo la kuamkia.

Mimi ni maharage na mboji. Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nilikaa kwenye banda la TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo, nikauliza maswali hadi vijana wakaniletea kiti. Lililonikaa ni kijiti cha mboji. Unapanga majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, tabaka juu ya tabaka, unamwagia maji, kisha unachomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku kadhaa kichomoe ukishike. Kikiwa na joto, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikitoka kimelowa chepechepe na kinanuka, maji yamezidi, pindua lundo hewa ipite. Nimefundisha sayansi ujana wangu wote, na bado kila nikishika kile kijiti nafurahi kama mtoto.

Haya, nanyi mnalima nini na mnajifunza nini?

Mama wa Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Mimi nimejifunza kubebesha parachichi. Mche wa kienyeji ukifikia unene wa penseli unaukata, unaupasua katikati, unachonga kikonyo (kitawi) cha Hass, aina ya parachichi ya kisasa, mfano wa kabari na kukipachika humo, halafu unafunga kwa utepe wa nailoni. Maganda yakutane angalau upande mmoja, la sivyo kikonyo kinakauka. Kijana aliyenifundisha ni sawa na mwanangu wa mwisho, na namwamkia "mwalimu" mbele za watu. Mvua yetu mnaijua, kwa hiyo usipande mahali maji yanapotuama. Mizizi ya parachichi huoza upesi.

Nesi mstaafu, Iringa mjini

Naongezea la afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wa miaka 65 kwenda juu aongeze mazoezi ya kujizuia asianguke, siku 3 au zaidi kwa wiki. Kupalilia na kubeba ndoo ya maji kumo humo. Ila wenye presha msiiname muda mrefu na kuinuka ghafla. Lima umekaa kwenye kigoda, pumzika.

Mzee wa Makete

Huku adui ni sakitu, ile baridi inayogandisha umande, Juni na Julai. Viazi vinalala kijani, vinaamka vyeusi. Mjukuu wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenieleza kwamba hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama bondeni. Tangu hapo kitalu cha mboga nimekihamishia kwenye mteremko, na jioni nafunika kwa nyasi kavu. Nimenunua kipimajoto, naandika kila alfajiri kwenye daftari. Yule binti akija likizo tunalisoma pamoja, ananisahihisha.

Karani mstaafu, Mafinga

Mimi nimechukua njia ndefu kidogo. Nilikuwa karani wa mahakama, nikipiga chapa hukumu za wenzangu. Nilipostaafu nikajiandikisha sheria Chuo Kikuu Huria, kituo cha Iringa. Chuo kipo tangu 1992, wala hakimbagui mtu kwa umri. Asubuhi niko bustanini, usiku nasoma.

Sasa sikilizeni. Familia yetu imelima vinyungu, yaani bustani za bondeni, tangu enzi za bibi, pale pale ukingoni mwa mto, kwa sababu kiangazi unyevu haukauki. Siku moja nikafika kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: mita 60 kutoka mtoni zisiguswe na shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira yake. Nikafunga kitabu, nikachukua kamba kwenda kupima. Nimepanda miti ya asili ukingoni, na mboga nimezisogeza juu, namwagilia kwa keni. Ni kazi, sikatai, lakini nimeielewa sheria kwa miguu yangu.

Mwalimu mstaafu, Uyole

Dada wa Mafinga, umenigusa. Majirani zako wa vinyungu wamelipokeaje? Maana kwa wengi ndiyo mboga ya kiangazi na ada ya shule.

Karani mstaafu, Mafinga

Ndipo penye ugumu, kaka. Mwenye shamba juu anaweza kusogea. Mwenye kinyungu peke yake anasogea wapi? Tumeomba afisa ugani na mtu wa ofisi ya bonde la maji waje tukae kikao kijijini. Mimi nitawasomea kifungu kwa Kiswahili chepesi, wao watueleze mazao gani yanahimili kiangazi huko juu. Ukiwa na mbegu ya maharage ya Uyole isiyotaka maji mengi, niwekee kidogo.