MJADALA: Wasafiri wa mabegi mgongoni wanaolala bure majumbani kwetu, je, wachangie?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Kijana mmoja wa Arusha, anayepokea wasafiri nyumbani kwao kupitia mitandao ya kulaza wageni bure, amesema kumtaka mgeni achangie chochote ni aibu kwa Mtanzania. Hoja yake ni kwamba sisi tunasifika kwa ukarimu, kwa hiyo kijana wa Ulaya akija na rafiki zake apewe godoro, apewe chakula, aende zake atusifie huko kwao. Wengi wamemuunga mkono. Mimi napinga, na nina sababu.

Naishi Moshi, Pasua. Nyumba yetu imepokea sana wageni wa aina hii: Wajerumani, Wapolandi, Wafaransa, hata kundi la Wakorea. Ni vijana waliomaliza chuo au wako likizo, wanasafiri wawili wawili, mara nyingine wanne kwa pamoja, wanakuja kuuona mlima Kilimanjaro. Sitaki mtu aelewe kwamba nawasema vibaya. Wengi wana adabu kuliko hata vijana wetu, wanavua viatu mlangoni, wanamwamkia mama. Ninachouliza ni nani hasa anayewapokea.

Anayejibu ujumbe ni kaka yetu. Akaunti ni yake, picha ni zake, na maoni mazuri wanayoandika wageni wakiondoka yanamtaja yeye. Ila basi likiingia stendi saa tatu usiku, aliyeko jikoni ni mdogo wetu wa kike. Wageni hawanywi maji ya bomba, kwa hiyo usiku huo huo anachemsha masufuria mawili makubwa ili hadi asubuhi yawe yamepoa. Mmoja wao hali nyama, basi machalari, yaani ndizi za kupika na nyama, yanapikwa mara mbili, ya nyama kwenye sufuria moja na ya ndizi tupu kwenye nyingine. Wakishuka mlimani wana tope hadi magotini na wanataka maji ya moto, wanne, na umeme wa LUKU unakimbia. Mtungi wetu wa gesi wa kilo 6 umewahi kuisha kabla nusu ya mwezi haijafika. Na huyu binti ana genge lake sokoni Mbuyuni. Kuna asubuhi alifungua saa nne badala ya saa kumi na mbili na nusu kwa sababu alikuwa anawaandalia chai na chapati watu wa kwenda Marangu. Wateja wa asubuhi hawamsubiri mtu, walishanunua nyanya zao kwa jirani.

Hakuna aliyemuuliza kama wageni waje. Hapo ndipo penye hoja yangu yote: mwenye haki ya kusema karibu ni yule atakayeamka kuwasha jiko, na kama mgeni ana chochote cha kutoa, kifike mkononi mwa huyo.

Sasa tuangalie uwezo wa mgeni mwenyewe. Kupanda Kilimanjaro bila kampuni yenye leseni na mwongozaji hairuhusiwi. Mgeni asiye mkazi anatozwa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, na kwa njia ya Marangu kibanda ni dola 60 kwa usiku, tena kabla ya kodi. Safari fupi ya siku tano, ukiweka na kodi, inapita dola 600 kwa ada hizo peke yake, hujagusa kampuni, mpishi wala bahashishi ya wagumu, yaani wabeba mizigo. Kijana huyu amelipa yote hayo, na amefanya vizuri kulipa. Anarudi mjini, analala kwetu usiku tatu kabla na usiku mbili baada, anaacha kadi ya asante. Penye dirisha la malipo analipa bila kuuliza. Penye mwanamke na sufuria anaambiwa ni utamaduni wa Kiafrika, na wanaomwambia hivyo ni sisi wenyewe.

Hoja ya wapinzani wangu ninayoiheshimu kuliko zote ni kwamba pesa ikiingia, undugu unatoka. Nawaelewa. Lakini nani kati yetu anakwenda kwa shangazi Rombo mikono mitupu? Unashuka kwenye Noah na kilo mbili za sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, mchele ukiweza. Shangazi hakukutumia bei, na wewe hukujiona unalipa hoteli. Ukikaa zaidi ya siku mbili unashika jembe au unakata majani ya ng'ombe. Kwa wageni wa ndani tunajua mipaka hiyo vizuri sana. Kwa nini tunaifuta mgeni akitoka mbali?

Na msidhani mipaka ni kitu kigeni kwa wasafiri wenyewe. Mtandao wa Servas ulianza Denmark mwaka 1949, vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha miaka minne tu, kwa lengo la kujenga amani kwa watu kulala majumbani mwa wenzao wa mataifa mengine. Hakuna malipo kwa mwenyeji, lakini msafiri anahojiwa kwanza, anapewa barua ya utambulisho, na kawaida ya kukaa ni usiku mbili. WWOOF, iliyoanza Uingereza mwaka 1971, inampa mgeni kitanda na chakula kwenye shamba, naye anafanya kazi sehemu ya siku. Couchsurfing, tovuti ya kutafuta pa kulala bure ambayo ndiyo vijana wetu wengi wanaijua, iligeuzwa kampuni ya biashara mwaka 2011, na mwaka 2020 ikaanza kutoza wanachama ada. Kwa hiyo mwenye tovuti anapata chake. Mpishi ndiye pekee anayeambiwa asubiri thawabu.

Kuna waliosema na sisi tutapokelewa kwao. Ndugu zangu, hili liangalieni kwa macho makavu. Mfaransa anayekuja kwetu anaomba viza ya dola 50 mtandaoni, au analipa akishuka uwanja wa ndege wa KIA, anaingia. Mimi nikitaka kwenda kulala kwake Lyon, naanza na euro 90 za kuomba viza, zisizorudi ukinyimwa, pamoja na taarifa za benki za miezi kadhaa. Yeye naye aende ofisi ya meya kuomba hati ya kunipokea, alipie euro 30. Mjerumani akitaka kunidhamini anatia saini hati ya kubeba gharama zangu zote, na serikali yake inaweza kumdai. Wageni wetu wengi wana moyo wa kutupokea, nimeongea nao, wanasikitika kweli. Lakini sofa iliyoko Lyon haifikiki kwa binti mwenye genge Mbuyuni, na tusimpikishe kwa ahadi hiyo.

Nakubali faida zipo. Kaka yetu amejifunza Kijerumani mezani, bila ada ya shule, na leo anapata kazi ya kuongoza watalii kwa sababu hiyo. Siwezi kuidharau. Ila Kijerumani kilijifunzwa na aliyekuwa amekaa akipiga stori, aliyekuwa anaosha vyombo hakukipata.

Suala la sheria ni fupi. Ukianza kutoza bei kwa usiku umeshafungua nyumba ya wageni, na biashara ya malazi ina leseni na kodi zake. Na kumwambia mgeni wa viza ya utalii alipie kwa kufundisha shule ya mtaani ni kumwingiza matatani, maana kujitolea nako kunataka kibali. Ndiyo maana sisemi bei. Nasema mchango wa chakula.

Kwetu tulishabadilisha. Kaka ameandika kwenye ukurasa wake: tunapokea wawili, usiku tatu, na siku ya kwanza tunakwenda sokoni pamoja. Ujumbe anaopata umepungua, hilo ni kweli. Wanaokuja sasa wanaingia Mbuyuni na mdogo wetu, yeye ndiye anayechagua ndizi na kupatana bei, wao wanalipa na kubeba. Usiku mmoja wanapika wao. Wapolandi walipika supu ya bitiruti, vile viazi vyekundu vya saladi, na mama aliomba kuongezewa. Ujumbe mpya ukiingia kaka anamsomea mdogo wetu kabla ya kujibu, na kuna wageni ambao mdogo wetu aliwakataa kwa sababu ilikuwa wiki ya kufungua shule na genge lina wateja. Waliandikiwa kwa heshima, wakapata hosteli mjini, wakaja siku moja kula mchana. Walikuja na tikitimaji.

Sasa nawasikiliza ninyi. Wa Zanzibar, mgeni akilala nyumbani kwa mtu, sheha, yaani kiongozi wa eneo, anatakiwa ajue. Je, hilo linapunguza hiari ya wenye nyumba au linawalinda? Vijana wetu mnaosafiri kwa mabasi na rafiki zenu kwenda Kampala na Kigali mkalala kwa watu, mnabeba nini mkononi? Na kina dada mnaoishi kwenye nyumba zinazopokea wageni, naomba sana mjibu ninyi kabla ya kaka zenu: mara ya mwisho mgeni alipokuja, mliulizwa?