Mjadala: Kichanga anazaliwa na mdundo, au anaupata tumboni?

Mleta mada: Mwaka 2009 István Winkler na wenzake waliwapigia ngoma vichanga 14 wa siku mbili tatu, wamelala, huku umeme wa ubongo ukipimwa. Pigo kuu likirukwa, ubongo unashtuka. Likirukwa pigo dogo, hakuna kitu. Kwangu ubishi umekwisha: mdundo tunazaliwa nao.

Mchangiaji wa kwanza: Taratibu, mkuu. Siku mbili tangu azaliwe, lakini anasikia tangu wiki ya 25 hivi ya mimba. Ana miezi mitatu ya moyo wa mama, hatua zake na maongezi yake. Sauti nyembamba hufifia zikipita mwilini, nzito na mwendo wake zinafika. Na huko ndani anajifunza kwelikweli: mwaka huohuo wa 2009 ilionekana vichanga wa Kifaransa hulia sauti ikipanda, wa Kijerumani ikishuka. Sasa niambie nani kamrithisha mtoto lafudhi!

Mleta mada: Lafudhi sawa, kajifunza. Ila kima aina ya rhesus naye alikaa tumboni akisikiliza moyo wa mama. Wamepimwa kwa njia hiyohiyo, mdundo wa muziki hawakuukamata. Kama moyo wa mama ndiye mwalimu, mbona huyu kafeli?

Mchangiaji wa pili: Nyie endeleeni, mimi naogopa wenye bajeti. Mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 kila kichanga apewe muziki wa klasiki ili akili ichangamke. Utafiti uliomsukuma ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu! Kukamata mdundo usingizini si hoja ya kununuliwa santuri.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo nakuunga mkono. Kuhusu kima, nakubali hoja ina uzito, ingawa inaonyesha tu kwamba ubongo wetu ni mwepesi kujifunza mdundo, si kwamba unakuja nao tayari. Wapimwe njiti.

Mleta mada: Walishapimwa, matokeo yakatoka 2023. Umri wa mimba wiki 32 hivi, na ubongo wao tayari unafuata mdundo.

Mchangiaji wa kwanza: Wiki 32 toa 25, bado ana wiki saba za masomo. Niletee wa wiki 25.

Mleta mada: Huyo akishindwa utasema hakufundishwa, nami nitasema hajakomaa. Tutapimaje sasa?