Grupu la Ukoo: Dawa ya Mafuta ya Shangazi

*Jumamosi jioni*

Shangazi Mwanahawa: Assalaam alaykum wanangu. Ule mzigo wa Hamisi kutoka Uingereza umefika, kauleta mtoto wa jirani. Ni dawa ya kupunguza unene. Kopo lote kizungu. Rukia mwanangu, ukipata nafasi nisomee, nataka nianze kesho.

Shangazi Mwanahawa: [picha]

Baba Mkubwa Athumani: Waalaykum salaam Mwanahawa. Dawa tena? Si uko kwenye dawa ya presha?

Juma: Shikamoo shangazi. Hiyo naijua, ya kuzuia mafuta. Unakula chipsi mayai zako, mafuta yanatoka yenyewe. Kaka Hamisi na mimi niagizie moja.

Mama Salma: Wifi hizo za Wazungu zina makemikali. Mimi nakunywa ile chai ya kupunguza tumbo, naagiza kwa dada mmoja Dar. Wiki ya kwanza tu nguo zinalegea.

Hamisi: Mama shikamoo. Huku inauzwa famasi bila cheti cha daktari, ile ya miligramu 60, kwa mtu mzima mwenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, kuanzia 28. Ndiyo nikaona bora nikutumie hii kuliko ukanunue za mtaani.

Rukia: Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Shangazi kesho usianze. Niko zamu mpaka saa 4 usiku, nikitoka naandika. Kopo liweke tu, haliharibiki.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Lakini Rukia usije ukaniambia nile kidogo. Nimeshaambiwa hilo na kila mtu. Naswali nimekaa kwenye kiti, magoti hayakunji. Kliniki wamenipima kilo 94, na sukari wamesema iko mpakani. Kwenye arusi ya juzi nimesikia kwa masikio yangu nyuma yangu wanasema "bonge lile". Nimechoka.

Baba Mkubwa Athumani: Sikujua magoti yamefika huko. Pole sana mdogo wangu. Tumsubiri Rukia.

*Usiku*

Rukia: Nimetoka. Shangazi, kabla ya dawa. Wewe una urefu wa sentimita 158, tulipima pamoja. Kwa kilo 94 BMI yako ni 37 na ushee. Kuanzia 30 kitabibu ni unene uliopitiliza, na Shirika la Afya Duniani linauhesabu ni ugonjwa sugu, kama presha. Unatibiwa. Hakuna wa kukusema kwa hilo humu, na atakayekusema nitamjibu mimi.

Rukia: Dawa yenyewe inaitwa orlistati. Si utapeli, Ulaya na Marekani ilikubaliwa mwaka 1998 na 1999. Ya cheti ni miligramu 120, maarufu kwa jina la Xenical. Hii ya Hamisi ni nusu yake. Haikati hamu ya kula wala haichomi mafuta yaliyokwishakaa mwilini. Inafanya kazi tumboni na kwenye utumbo: inakizuia kimeng'enya cha kuvunja mafuta, kinaitwa lipasi. Mafuta yasipovunjwa hayawezi kupenya kuingia mwilini, yanapita moja kwa moja na choo. Ile ya 120 inazuia kama 30% ya mafuta ya mlo ule. Ya 60 kama robo.

Juma: Si ndiyo nilivyosema

Rukia: Hapana Juma, ngoja hesabu. Mlo wenye gramu 15 za mafuta, dawa inazuia gramu 4 hivi. Gramu ya mafuta ni kalori 9. Kwa milo mitatu unapata kama kalori 100 hadi 120 kwa siku, basi. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina kalori kama 140, na hiyo dawa haiigusi kabisa, kwa sababu ni sukari. Haigusi ugali, haigusi mkate, haigusi sukari ya chai. Ukimeza kapsuli ukasindikizia na soda umerudi ulipokuwa na zaidi.

Juma: Sasa nikila mafuta mengi, si itazuia mengi?

Rukia: Itazuia, na yote yatatafuta njia ya kutoka. Tumbo linajaa gesi, gesi inatoka na mafuta, choo kinakuwa laini kinang'aa mafuta, na kinakuja ghafla huwezi kukizuia. Uko kwenye daladala au uko kazini. Nguo inachafuka. Wengi wanaoacha dawa hii wanaiacha kwa hilo, na wengi wao walikula kama ulivyosema wewe. Halafu wewe unataka kupunguza kilo ngapi?

Juma: Kama sita hivi dada

Rukia: Wewe huihitaji. Rudi kwenye mpira wa jioni.

Shangazi Mwanahawa: Rukia, hapo kwenye gesi na nguo. Nina swali ila humu kuna wanaume.

Baba Mkubwa Athumani: Uliza Mwanahawa. Sote ni watu wazima na ni ndugu.

Shangazi Mwanahawa: Udhu wangu utakaa? Mimi nikitoka nyumbani ni msikitini au darsani na akina mama wenzangu.

Rukia: Swali zuri sana shangazi, na hospitalini hawalifikirii. Siku ambayo mlo una mafuta mengi, udhu hautakaa, na nguo hutaiamini. Siku ambayo mafuta ni machache, wengi hawaoni kitu. Kwa hiyo ukianza, anza siku za kukaa nyumbani ujue mwili wako unavyopokea. Vaa nguo nyeusi, weka kitambaa. Wiki za kwanza ndizo ngumu.

Mama Salma: Ndiyo maana mimi nikasema chai

Rukia: Mama Salma kwa heshima zote. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki. Ni majani ya kuharisha. Kinachopungua ni maji na choo, mafuta yako yapo pale pale. Ukiharisha kila siku unapoteza chumvi ya potasiamu, moyo unaanza kwenda vibaya, hasa kama una dawa ya presha ya kutoa maji. Tafadhali iache hata leo.

Rukia: Na za kununua kwa mtu mtandaoni nawaogopea zaidi. Mwaka 2010 Marekani walitoa tahadhari ya makopo ya bandia ya dawa hii hii ya Hamisi. Ndani hakukuwa na orlistati hata chembe, walitia sibutramini. Hiyo ni dawa ya kukata hamu ya kula, na mwaka huo huo iliondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inaleta mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Hamisi, ulinunua dukani kabisa?

Hamisi: Famasi kabisa, Leicester, risiti ninayo.

Rukia: Sawa, hilo limenitoa hofu. Sasa jambo lililonifanya niseme usianze kesho. Shangazi, kile kidonge cha asubuhi bado unakunywa? Cha tangu ulipofanyiwa upasuaji wa rovu?

Shangazi Mwanahawa: Cha shingo? Kila siku, alfajiri kabla ya chai. Sikukitaja kwa Hamisi, hicho nimekizoea mpaka nakihesabu kama mswaki.

Rukia: Hicho ndicho chenyewe. Wewe tezi huna tena, kidonge hicho ndicho tezi yako. Orlistati inaweza kukipunguzia kuingia mwilini. Kikipungua, mwili unapoa, unachoka, choo kinakuwa kigumu na uzito unapanda. Ungekunywa dawa ya unene na ukaongezeka, halafu ungejilaumu kwamba hujitahidi. Ndiyo maana nasema tusikimbilie.

Hamisi: Daa. Mama usiifungue.

Baba Mkubwa Athumani: Kwa hiyo asiitumie kabisa?

Rukia: Anaweza, baba mkubwa, lakini kwa mpango. Viachane si chini ya saa 4, na afanyiwe kipimo cha damu cha tezi, TSH, kabla ya kuanza na tena baada ya wiki kadhaa. Hilo ni la daktari wake kuamua, mimi siamui kwenye simu. Kwa bahati ratiba yake inaruhusu. Kidonge cha shingo saa 11 alfajiri, kapsuli ya kwanza ikawa ya mlo wa mchana.

Shangazi Mwanahawa: Na asubuhi je?

Rukia: Asubuhi unakunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Hapo hakuna mafuta ya kuzuia, kapsuli unairuka. Kanuni yake ni hiyo: inamezwa na mlo wenye mafuta, au ndani ya saa moja baada ya kula. Hukula, humezi. Hata Ramadhani inshallah ukiwa umefunga, ni futari na daku tu.

Rukia: Na kwa wote, simtaji mtu. Mwenye dawa za kufubaza virusi, za kifafa, za kuzuia damu isigande, za mtu aliyepandikizwa figo, asiiguse kabla ya kuzungumza na anayemtibu. Mjamzito na anayenyonyesha, hapana. Mwenye tatizo la nyongo kutopita vizuri au utumbo usiofyonza chakula, hapana. Na ukiitumia ukaona macho ya njano, mkojo kama chai, maumivu makali upande wa ini, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Ni nadra sana, ila imetokea.

*Jumapili asubuhi*

Mwanaidi: Dada Rukia shikamoo. Mimi ndiye napika hapa. Jana nimesoma yote. Hizo gramu 15 kwa jikoni ni kiasi gani?

Rukia: Marahaba Mwanaidi, nilikuwa nakusubiri wewe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni gramu 14. Kwa hiyo mafuta ya mlo mzima wa shangazi ni kama kijiko kimoja, pamoja na yaliyomo kwenye nazi, nyama na karanga.

Mwanaidi: Kijiko kimoja!! Mimi namimina na dumu kwa macho. Ngoja nipime nilivyozoea.

Mwanaidi: Nimepima. Mchuzi wa watu wanne natia nusu kikombe.

Rukia: Nusu kikombe ni vijiko 8, kila mtu anakula viwili kwenye mchuzi peke yake. Bado wali wa nazi, bado samaki wa kukaanga. Hapo hata bila dawa kuna kilo za kupunguza, mdogo wangu. Anza na vijiko vinne kwa sufuria, samaki mchome au mpike na ndimu na nyanya.

Mwanaidi: Na nazi? Shangazi hali wali mkavu, nakuambia mapema.

Shangazi Mwanahawa: Kweli hapo mtaniua. Mimi mtu wa Tanga.

Rukia: Nazi hatuiondoi. Tui zito ndilo lenye mafuta mengi, kwa hiyo tumia tui la pili, na lisiingie kwenye wali na mchuzi vyote siku moja. Wali wa nazi na maharage ya kuchemsha. Wali mweupe na samaki wa nazi. Bagia, sambusa na maandazi ya jioni ndiyo yaondoke kwanza, na soda.

Hamisi: Da Rukia, kweli anaweza kupungua kwa kiasi gani? Nisimpe mama matumaini ya uongo.

Rukia: Kuna utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka 2004. Watu zaidi ya 3,300, miaka minne, wote walifundishwa kula na kutembea. Walioongezewa orlistati ya 120 walipungua wastani wa kilo 5.8, waliopewa kidonge kitupu kilo 3. Tofauti si kubwa. Lakini kisukari kiliwapata 6.2 kati ya 100 kwenye dawa, na 9 kati ya 100 kwa wenzao. Kwa mtu ambaye sukari yake iko mpakani, hilo mimi nalithamini kuliko kilo.

Juma: Zile sindano za kupunguza unene je? Watu wanazisifia sana mtandaoni

Rukia: Zile zinakata njaa, na zinapunguza zaidi, semaglutidi kwenye utafiti imefika karibu 15% ya uzito. Bei yake sisi hatuiwezi kila mwezi, nazo zinataka daktari. Kwa shangazi tuzungumzie kilichopo mkononi.

Rukia: Shangazi, ukiruhusiwa kuanza, jipe wiki 12. Lengo ni 5% ya uzito, kwako ni kilo 4.7. Usipofika, dawa inaachwa, na hapo kosa ni la dawa kutokufaa. Na kila usiku wakati wa kulala kidonge cha multivitamini, kwa sababu vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta na nazo zinapotea. Zisichanganywe na kapsuli, ziachane angalau saa mbili.

Shangazi Mwanahawa: Kilo nne na nusu zinaweza kunikunjua goti?

Rukia: Zinalipunguzia mzigo kila hatua unayopiga. Kusujudu siwezi kukuahidi, ila maumivu yanaweza kupungua, na presha huwa inashuka kidogo.

Shangazi Mwanahawa: Hiyo yanitosha.

Baba Mkubwa Athumani: Jumanne nakupitia saa 1 asubuhi tuwahi foleni. Gari nimeshaomba.

Mama Salma: Wifi na mimi nakuja. Nataka nipimwe hiyo potasiamu.

Rukia: Alhamdulillahi. Shangazi beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, ya presha, ya shingo, za maumivu ya goti, na kopo la Hamisi likiwa limefungwa hivyo hivyo. Omba TSH ipimwe siku hiyo. Mama Salma, na hiyo chai ibebe na pakiti yake.

Mwanaidi: Shangazi leo mchana ni wali mweupe na samaki wa tui la pili. Nimepima vijiko.