MREJESHO: Fedha za kahawa na karo ya watoto

Habari zenu ndugu. Ni mimi wa Masaka niliyeuliza niweke wapi fedha za mauzo ya kahawa ili zilipe karo: kiwanja, SACCO (chama cha akiba na mikopo) au hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba. Asanteni sana nyote, hasa dada aliyesisitiza nisinunue kiwanja kwa fedha ambazo shule itazidai Februari.

Nilifuata ushauri wa hatifungani. Benki yako ya kawaida ndiyo inayokufungulia akaunti Benki Kuu ya Uganda ya kutunzia hatifungani zako, na unaweza kuanza na shilingi 100,000. Nilichagua ya miaka 10 kwa sababu riba yake hukatwa kodi ya asilimia 10, wakati za muda mfupi hukatwa 20. Riba ya kwanza imeshaingia, namshukuru Mungu.

Ila kuna yaliyokwama. Tawi letu lilikaa na fomu hadi mnada mmoja, yaani siku ya serikali kuuza hatifungani, ukanipita. Pia riba huja mara mbili kwa mwaka na mihula ni mitatu, hivyo karo ya Mei haikupata kitu kutoka huko. Aliyeniokoa ni kaka aliyependekeza mfuko wa pamoja (fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja) wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji: fungu dogo nililoweka huko nililitoa bila usumbufu, likalipa sehemu kubwa ya karo. Iliyobaki nilikopa SACCO, na bado nailipa.

Mnaoanza, ulizieni tarehe ya mnada mapema, na fomu mzifuatilie wenyewe. Mungu awabariki.